Je, Wajua? Sekunde Zinazotangulia Mkwaju wa Gofu

Utaratibu wa kabla ya mkwaju ni mfuatano wa vitendo, vingine vya mwili na vingine vya akili, ambao mcheza gofu huupitia kila anapojiandaa kuupiga mpira, kuanzia anaposimama nyuma ya mpira akilitazama lengo lake hadi fimbo inapoanza kuvutwa nyuma. Mtazamaji asiyeuzoea mchezo huu humwona mtu mzima akichuchumaa, akifumba macho, akirusha majani machache hewani ili kuujua upepo, akiitikisa fimbo yake mara mbili tatu, naye huweza kudhani kwamba anachokiona ni ushirikina wa wanamichezo, wa jamii moja na ule wa kuingia uwanjani kwa kutanguliza mguu wa kulia. Dhana hiyo inaukosea haki utaratibu huu, kwa sababu sehemu zake kuu zina kazi inayoelezeka, na baadhi ya kazi hizo zimepimwa na watafiti wa saikolojia ya michezo kwa zaidi ya miaka 30.

Chanzo chake ni hali moja ya gofu ambayo michezo mingi haina, nayo ni kwamba mpira umetulia. Mlinda mlango wa kandanda, au mcheza tenisi anayepokea mpira, hana nafasi ya kutafakari, kwa kuwa mpira unaomjia ndio unaomwamuru asogee lini na upande gani. Mcheza gofu hana wa kumwamuru, na ni yeye mwenyewe anayeichagua sekunde ya kuanza. Wataalamu huziweka kazi za aina hii katika kundi la stadi za kujianzishia, yaani zile ambazo mtendaji ndiye anayeamua wakati na mwendo wake, pamoja na penalti ya kandanda, mtupo huru wa mpira wa kikapu na mkwaju wa kulenga nguzo katika raga. Raundi ya mashimo 18 huchukua takriban saa nne, ilhali mkwaju mmoja, tangu fimbo inapoondoka karibu na mpira hadi inapoupiga, huchukua sekunde moja na ziada kidogo, hivi kwamba anayemaliza raundi kwa mikwaju 72 huwa ametumia chini ya dakika mbili katika kupiga kwenyewe. Muda uliobaki wote ni wa kutembea, kungoja na kuwaza, na kuwaza huko ndiko kunakomponza mchezaji asiyekuwekea mahali pake.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana katika hesabu ndogo. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na mpira, kwa mujibu wa kanuni, una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Mchezaji aliye mita 3 kutoka shimoni, hata kama ardhi ni tambarare kabisa, akiuanzisha mpira kwa mkengeuko unaozidi kidogo digrii moja, katikati ya mpira hupita nje ya ukingo wa shimo. Na yule anayepiga umbali wa mita 200 kwa mkengeuko wa digrii hiyo moja huukuta mpira wake karibu mita tatu na nusu kando ya alipokusudia. Kosa la namna hiyo halirekebishwi likiwa njiani, kwa kuwa katika mkwaju wa nguvu fimbo hushuka kwa takriban robo ya sekunde, muda unaokaribiana na ule ambao jicho, ubongo na misuli huuhitaji ili kuitikia jambo moja tu jipya, na kichwa cha fimbo hugusana na mpira kwa sekunde 0.0005 hivi. Fimbo ikianza kushuka, kila kitu kimekwisha kuamuliwa, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuzithamini sekunde zinazotangulia.

Hatua ya mwanzo hufanyika nyuma ya mpira, nayo ni ya kukusanya habari. Mchezaji hupima umbali, upepo, mteremko na jinsi mpira ulivyolala katika nyasi, kisha huchagua fimbo moja kati ya 14 ambazo kanuni humruhusu kubeba. Hesabu hiyo hubadilika kutoka uwanja hadi uwanja. Wachezaji wanaofika Nairobi kwa mashindano ya Kenya Open, yaliyoanzishwa mwaka 1967, hulazimika kupunguza umbali wanaouhesabu, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira husafiri mbali zaidi katika hewa nyepesi. Nyasi nazo zina sauti yao katika uamuzi, na mfano mzuri ni nyasi za kikuyu, zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambazo leo hufunika hata uwanja mashuhuri wa Riviera karibu na Los Angeles, na ambazo ugumu na msongamano wake huishika fimbo kabla haijaufikia mpira. Kwa hiyo kumtazama mchezaji akikaa kimya juu ya mpira uliozama nyasini ni kumtazama akifanya hesabu, na aghalabu kedi wake, yaani msaidizi anayembebea fimbo, huifanya pamoja naye.

Baada ya hesabu huja picha. Jack Nicklaus wa Marekani, mshindi wa mataji makuu 18, alieleza katika kitabu chake *Golf My Way* cha mwaka 1974 kwamba hakupiga mkwaju wowote, hata mazoezini, bila kwanza kuuona akilini, na cha kuvutia zaidi ni mpangilio wa picha hizo, kwa kuwa alianza na mwisho: kwanza aliuona mpira umetua pale alipoutaka, kisha akauona ukisafiri kuelekea hapo, na mwishowe tu ndipo alipojiona yeye akiupiga. Mpangilio huo una mantiki, kwani lengo ndilo linalouzaa mwendo wa mwili, si mwendo unaolizaa lengo. Jason Day wa Australia, bingwa wa mashindano ya PGA ya mwaka 2015, aliifanya hatua hiyo ionekane na kila mtu kwa kusimama nyuma ya mpira na kufumba macho hadi picha ikamilike.

Nicklaus aliupatia ufumbuzi pia udhaifu wa macho ya binadamu. Mpigaji husimama kando ya mpira, akilitazama lengo kwa kugeuza shingo, na katika mkao huo mstari ulionyooka huonekana kama umepinda. Hivyo yeye, akiwa bado nyuma ya mpira, alichagua alama ndogo, kama jani au baka la nyasi, iliyo hatua chache mbele katika mstari uleule wa lengo, kisha akaulinganisha uso wa fimbo na alama hiyo ya karibu badala ya bendera iliyo mbali. Uwezo huu wa kujielekeza sasa unalindwa na sheria, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinamkataza kedi kusimama makusudi nyuma ya mchezaji, katika mstari wa mpira, pindi mchezaji anapoanza kukaa mkao wa kupiga.

Hatua ya mwisho ni mtikiso, yaani kule kuichezesha fimbo kidogo mbele na nyuma juu ya mpira. Mcheza gofu Ben Hogan, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu misingi mitano ya gofu, alikataa katakata kuuita mtikiso huo tabia ya mikono isiyotulia. Kwake ulikuwa mazoezi mafupi ya mkwaju unaofuata, na kasi na urefu wa mtikiso hubadilika kulingana na mkwaju wenyewe. Faida nyingine ni ya misuli, kwani mikono iliyosimama kabisa huanza kukakamaa, na mkono uliokakamaa hauanzi mwendo kwa ulaini.

Pia Nilsson wa Sweden na Lynn Marriott wa Marekani, makocha walioshirikiana kwa miaka mingi, waliyapanga haya yote katika maeneo mawili yaliyotenganishwa na mstari wa kufikirika. Katika eneo la kwanza, nyuma ya mpira, mchezaji huwaza, huhesabu na kuamua. Akiuvuka mstari huingia eneo la pili, ambamo maamuzi yamefungwa na kazi iliyobaki ni kupiga, na shaka ikimjia humo hutakiwa kurudi nyuma ya mstari na kuanza upya. Annika Sörenstam, aliyekuzwa kimchezo na Nilsson, alipiga raundi ya mikwaju 59 huko Phoenix, Arizona, mwezi Machi mwaka 2001, akiwa mwanamke wa kwanza kufikia idadi hiyo katika mashindano ya LPGA ya Marekani. Mgawanyo huu ndio kiini cha utaratibu wote, na tafiti kadhaa zinasaidia kueleza kwa nini unafaa.

Mwaka 1992 Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha utafiti uliofuatilia macho ya wachezaji katika pati, yaani mkwaju mdogo wa kuuviringisha mpira hadi shimoni. Wachezaji hodari waliyatuliza macho yao mahali pamoja juu ya mpira kwa muda mrefu kabla na wakati wa kupiga, na hata baada ya mpira kuondoka waliendelea kupatazama pale ulipokuwa, wakati wale wa kiwango cha chini walihamishahamisha macho kati ya mpira, fimbo na shimo. Vickers aliuita mtazamo huo jicho tulivu. Baadaye Samuel Vine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwafundisha wachezaji wa kiwango cha juu kuyatuliza macho namna hiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliofundishwa walipunguza karibu pati mbili kwa kila raundi, tofauti ambayo katika mchezo unaoamuliwa kwa mkwaju mmoja ni kubwa mno. Moyo nao hushiriki: Stephen Boutcher na Nathaniel Zinsser walionyesha mwaka 1990 kwamba katika sekunde zinazokaribia pati mapigo ya moyo ya wachezaji bora hupungua kasi zaidi kuliko ya wanaoanza, dalili ambayo wataalamu huihusisha na umakini unaoelekezwa nje ya mwili.

Swali linalobaki ni adui gani hasa anayezuiwa na utulivu huo, na jibu ni akili ya mchezaji mwenyewe inapotaka kuusimamia mwili. Stadi iliyokwisha kukomaa hujiendesha bila kuagizwa kipande kwa kipande, na mwenye nayo akianza kuichunguza katikati ya utendaji huivuruga. Sian Beilock na wenzake walilithibitisha jambo hili mwaka 2002, pale wachezaji wazoefu walipopiga pati vibaya zaidi walipoambiwa waufuatilie mwendo wa fimbo yao kuliko walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza sauti. Na katika utafiti wa mwaka 2004 wazoefu walipiga vizuri zaidi walipohimizwa waharakishe, huku wanaoanza wakiharibikiwa na haraka hiyo hiyo. Richard Masters naye, mwaka 1992, alionyesha kwamba watu waliojifunza pati kwa maelekezo mengi ya maneno waliathirika zaidi kwa shinikizo kuliko waliojifunza bila maelekezo. Utaratibu mzuri huipa akili shughuli ya kutosha nyuma ya mstari ili isitafute shughuli mbele yake.

Utaratibu huo huo ukikosa mpaka hugeuka kuwa mzigo. Katika mashindano ya US Open ya mwaka 2002 huko Bethpage, New York, Sergio García wa Hispania alikuwa akikamata na kuachia mpini wa fimbo mara nyingi kiasi kwamba watazamaji walimhesabia kwa sauti, mara nyingine kupita 20. Aliiacha tabia hiyo baadaye, na mwaka 2017 akashinda taji la Masters. Kevin Na wa Marekani aliongoza mashindano ya Players ya mwaka 2012 baada ya raundi tatu huku akiteseka hadharani, akitikisa fimbo, akirudi nyuma, hata akipitisha fimbo juu ya mpira kwa makusudi kwa sababu hakuweza kujianzisha, na raundi ya mwisho akaimaliza kwa mikwaju 76. Wachezaji hawa wanastahili huruma kuliko kicheko, kwani hawakukosa utaratibu; walikosa alama ya mwisho wake.

Ipo pia imani kwamba utaratibu lazima uchukue muda uleule kila mara, na imani hiyo inahitaji kupunguzwa nguvu. Robin Jackson na mwenzake walipompima Neil Jenkins, mpigaji mashuhuri wa raga kutoka Wales, waligundua mwaka 2001 kwamba muda wake wa kutuliza akili uliongezeka kadiri mkwaju ulivyokuwa mgumu, ilhali alikuwa miongoni mwa walio bora duniani katika kazi hiyo. Kinachostahili kubaki vilevile ni mpangilio wa hatua, na sekunde zinaweza kupishana kidogo.

Kanuni za gofu za mwaka 2019 zinapendekeza kwamba mchezaji apige mpira ndani ya sekunde 40 tangu anapokuwa tayari na bila kizuizi, tena zinasema kwamba kwa kawaida anapaswa kuweza kupiga kwa haraka zaidi ya hapo. Kwa kuwa sekunde hizo ni chache, makocha wanaolea vijana katika klabu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wana sababu ya kuufundisha utaratibu huu tangu mwezi wa kwanza, sambamba na ushikaji wa fimbo, kwa kuanza na hatua mbili tu, kuchagua lengo na kuchagua alama ya karibu, na kuacha ukimya wa eneo la pili ukomae pamoja na mkono, kwa kuwa anayeanza bado anahitaji kuufikiria mwendo wake.