Mshauri asiyetoa shauri: usimkimbie kabla ya kumwelewa

JE, msomaji, umewahi kwenda kwa mshauri nasaha ukiwa na mzigo moyoni, ukatoka bila kuambiwa la kufanya?

Chukua mfano wa mama ambaye mumewe amefutwa kazi na sasa kila jioni nyumbani ni ugomvi. Ametafuta nauli, ameomba ruhusa kazini, na amemweleza mshauri yote. Mshauri anatikisa kichwa tu na kumwuliza, "Nawe ulihisi vipi?" Mama anarudi nyumbani akinung'unika kwamba amelipa pesa bure. Harudi tena.

Tatizo linaanzia kwenye jina lenyewe. Kwetu sisi mshauri ni mtu wa kutoa shauri: shangazi, somo, mzee wa ukoo au kasisi. Lakini aliyesomea kazi hii huenda alifunzwa kutofanya hivyo. Njia za kutibu kwa mazungumzo ni nyingi, na ni vyema uzijue kabla ya kulipa ada.

Njia kongwe ni ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyefariki mwaka wa 1939. Aliamini kwamba mengi yanayotusumbua ukubwani yana mizizi utotoni, nasi hatuyatambui. Mshauri wa njia hii atachimbua maisha yako ya zamani. Huenda ikachukua miezi, hata miaka. Aghalabu humfaa mtu anayerudia kosa lile lile kila mara bila kujua sababu.

Ya pili ni ya Carl Rogers, Mmarekani aliyeieleza katika kitabu chake cha 1951. Kwake, mtu ana uwezo wa kujitafutia suluhu iwapo atasikilizwa bila kuhukumiwa. Pengine yule mshauri wa mama wetu alifuata njia hii. Kimya chake si uvivu, la hasha! Aliyefiwa, au aliye njia panda, huweza kufaidika sana.

Ya tatu ilianzishwa na Aaron Beck, daktari wa Marekani, katika miaka ya 1960. Hii hutazama fikra. Mume asiye na kazi hujiambia, "Mimi si mwanamume tena," akajifungia chumbani na kukosa usingizi. Mshauri humtaka aandike fikra hiyo daftarini, aipime kama ni kweli, kisha humpa kazi ya kufanya nyumbani. Huchukua majuma kadhaa, na imethibitishwa kuwasaidia wengi wenye hofu na huzuni nzito.

Kuna pia njia fupi ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Nchini Zimbabwe, Dkt Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Hapa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulihusisha wanawake 421, wengi wao waliowahi kutendewa ukatili. Waliopitia vikao vitano na wahudumu wa afya wa mitaani walipata nafuu zaidi ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Basi ipi bora? Watafiti waliolinganisha njia hizi mara nyingi wameona tofauti ndogo. Jambo kubwa ni kuaminiana baina yako na mshauri, na njia kufaa shida yako.

Kwa hivyo, siku ya kwanza uliza: Unatumia njia gani? Tutakutana mara ngapi, na kwa ada gani? Nitajuaje kwamba ninapata nafuu? Uliza pia kama amesajiliwa, kwani Kenya ina sheria ya mwaka wa 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia. Baada ya vikao vichache, usipoona mabadiliko, mwambie. Kubadilisha mshauri si utovu wa heshima.

Lakini ukipigwa nyumbani, au ukifikiria kujitoa uhai, usingoje siku ya miadi. Tafuta mahali salama au nenda hospitalini leo.

Naye mama yetu? Angesema tu, "Mimi nilikuja nikitaka kuelekezwa," huenda mshauri angebadilisha mwendo au kumpeleka kwa mwenzake. Kuuliza si ujinga.