Askari wa Udongo na Macho Yake

Katika nyumba nyingi za askari jambo hili hutokea: mtoto amekata kijiti, amekifanya bunduki, naye mama anamtazama kwa wasiwasi. Je, amkataze? Ukurasa huu hausemi amkataze. Unasema ampe brashi.

Upo mchezo wa mezani unaopendwa ng'ambo, ambao kila mchezaji huongoza kikosi kidogo cha watu wa kubuni: mchawi, wapiga upinde, wenye panga. Katika Frostgrave, mchezo uliotungwa na Joseph McCullough na kutolewa mwaka 2015, mchawi huingia vitani na watu wachache tu, na dadu ndiyo huamua nani aanguke. Sanamu hizo zina kimo cha milimita 28 hivi. Njiti ya kiberiti huzizidi. Aghalabu huuzwa bila rangi, na mwenyewe ndiye huzivika.

Hapa Rusizi si lazima kuagiza kitu ng'ambo. Udongo wa mfinyanzi unatosha. Finyanga sanamu yenye kimo cha kidole, uikaushe kivulini siku kadhaa, kisha ichomwe pamoja na vyungu, kwa kuwa udongo usiochomwa hulainika ukiguswa na rangi ya maji. Rangi tatu zatosha kuanzia: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ndizo rangi mashuhuri za imigongo, sanaa ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda.

Kazi yenyewe ifuate utaratibu huu:

1. Paka sanamu nzima rangi nyeupe, iwe msingi wa kushika rangi nyingine.

2. Zimua rangi ya nguo kwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Paka mara mbili, ukingoja ikauke. Rangi nzito huziba vidole na mikunjo.

3. Zimua nyeusi sana, uiache itiririke katika mikunjo. Hicho ndicho kivuli.

4. Chovya brashi katika nyeupe, uifute hadi ikaribie kukauka, kisha uipitishe kidogo juu ya mabega na magoti. Huo ndio mwanga.

5. Macho yawe ya mwisho, kwa ncha ya kijiti kilichochongwa.

Tahadhari: brashi isilambwe kamwe. Sanamu za kizamani zilizotengenezwa kwa madini ya risasi wasipewe watoto, maana risasi ni sumu. Na vitu vidogo viwekwe mbali na watoto wachanga.

Mchezo huu una asili ya kale kidogo. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea, kiitwacho Little Wars. Alieleza humo kwamba vita vya sakafuni ni bora mara nyingi kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu vilizuka Ulaya, navyo vikafika hadi kwetu. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Na mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalivuka mto Rusizi yakaingia Cyangugu. Askari wa Wells walirudishwa sandukuni, wakangoja mchezo mwingine. Walioanguka kando ya ziwa hili hawakurudi kwao.

Baba au mama aliyevaa sare anaijua tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote. Basi, jioni usipokuwa zamu, keti mezani na mwanao, mpake rangi askari mmoja kwa siku tatu, bila haraka. Kisha chezeni. Dadu itakapomwangusha yule mpiga upinde, utaona uso wa mtoto unabadilika, kwa sababu anamfahamu aliyeanguka.

Wahenga walisema vita havina macho. Mtoto aliyeyachora macho hayo kwa mkono wake hatausahau usemi huo upesi.