Saa ya Seva Yako Inakudanganya? Hivi Ndivyo Utainyoosha na Chrony

Wasee, kwanza niwape kisa cha mlangoni. Tulikuwa tunauza tiketi za shoo ya mtaani kwa tovuti yetu wenyewe. Bei ya mapema ilikuwa soo tatu, mwisho saa sita usiku wa kuamkia shoo. Ukichelewa, soo tano. Siku ikafika, watu karibu arobaini wako nje wamewaka, kila mtu na SMS ya M-Pesa: 11:54 PM, 11:56 PM, 11:58 PM. Listi yetu nayo inasema wote walilipa baada ya saa sita, so waongeze soo mbili. Jamaa wa mlango akaamini listi. Ilichukua nusu saa ya kusoma SMS moja moja ndio waingie, na kuna mabeshte hadi leo hawatusalimii.

Hakuna mtu alikuwa mwizi. Seva yetu ilikuwa dakika 9 mbele, na hakuna vile tungejua ju haikuwa imeleta shida yoyote.

Iko hivi. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo cha kwatsi kinachotikisika, na saa inahesabu hiyo mitikisiko. Joto likibadilika, mwendo unabadilika. Ikikosea sehemu 20 tu kwa kila milioni, hiyo ni kama sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Yetu ilikaa miezi kumi hivi bila kuuliza mtu saa. Piga hesabu.

Dawa inaitwa NTP, kazi ya mzee David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Imekuwa ikitumika tangu 1985. Seva yako inauliza seva nyingine "saa ngapi?", inapima swali na jibu vimechukua muda gani njiani, inatoa hiyo safari, kisha inajirekebisha. Ndio maana hata na intaneti ya kusukuma bado unapata saa fiti.

Kabla uguse kitu, cheki hali:

timedatectl

Ukiona "System clock synchronized: no", uko kwa ngori. Na hapa ndipo wengi huchoma. Unaona saa iko masaa matatu nyuma, unaishika na mkono unaisogeza. Buda, pole pole! Seva nyingi husoma UTC, na Nairobi iko masaa matatu mbele ya UTC. Saa ilikuwa poa, wewe ndio umeiharibu. Na usilete ile saa yetu ya kiswahili: saa tatu asubuhi ya shosho ni 9:00 kwa simu na 06:00 kwa UTC. Kama unataka kusoma saa ya Nairobi, badilisha eneo, usibadilishe saa:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Mimi naiacha UTC, halafu tovuti ndio inamuonyesha mteja saa ya hapa. Ni chaguo lako.

Sasa kazi yenyewe. Kwa Ubuntu ama Debian:

sudo apt install chrony

Itaondoa systemd-timesyncd kama ilikuwepo, usishtuke, hizo mbili hazikai keja moja. Fungua /etc/chrony/chrony.conf, ongeza mstari huu:

pool ke.pool.ntp.org iburst

Usifute zile zilizokuwepo. Ukiuliza watu wawili stejini na kila mmoja akupe saa yake, hujui nani anakubeba ufala. Ukiuliza wanne, muongo anajulikana. Chrony inafikiria hivyo hivyo. Kisha:

sudo systemctl restart chrony
chronyc sources

Subiri dakika moja hivi. Ile seva yenye alama ^* ndio imechaguliwa. Halafu "chronyc tracking" itakuambia uko mbele ama nyuma kwa kiasi gani. Ukiona sifuri nyingi baada ya nukta, umeshinda.

Kitu kimoja cha kuchunga sana: kwa lile faili kuna mstari "makestep 1 3". Maana yake, kama saa imepotoka zaidi ya sekunde moja, chrony inaruhusiwa kuiruka kwa mara tatu za kwanza tu za kujirekebisha. Baada ya hapo inaivuta pole pole, ikiharakisha ama ikipunguza mwendo. Iko hivyo kwa sababu saa ikiruka nyuma ghafla wakati watu wananunua, databesi inaweza kuonyesha malipo ya pili yameingia kabla ya ya kwanza. So kama seva imepotoka dakika nzima, simamisha mauzo kwanza, rudisha chrony, thibitisha, ndio ufungue tena. Fanya usiku wa manane, si wakati wa shoo.

Na kama haijibu kabisa, kila mstari unaonyesha alama ya kuuliza, kwanza cheki fayawoli. NTP hupitia UDP 123. Yetu ilikuwa imefungwa, na mwenye aliifunga ni mimi.