Likizo ya Mtoto wa Mjini Isipite Bure

Wahenga wametuusia kuwa samaki mkunje angali mbichi. Usia huu tunaukumbuka kila mwaka zifikapo siku za kusi, wakati masika yamekwisha, hewa imepoa na skuli zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Mtoto wa shamba, hata skuli ikifungwa, ana pa kwenda: atamfuata babaye pwani au mamaye kondeni, na huko atajifunza. Mtoto wa mjini hubaki baina ya ukuta na barabara, akishinda mbele ya televisheni au akizurura vichochoroni. Sisi tunaona kuwa jambo hili si dogo, na kwamba wakati umewadia wa kulitafutia dawa.

Hebu tuzitazame hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169. Katika muda wa miaka kumi, watu wapatao laki tatu wameongezeka katika mkoa ulio mdogo kuliko mikoa yetu yote. Watu hao lazima wakae, na nyumba lazima zijengwe. Lakini kila nyumba inaposimama palipokuwa na mwembe au kiwanja cha watoto, kuna kitu alichonyang'anywa mtoto, naye hana kinywa cha kudai haki yake katika ofisi yoyote.

Dawa tunayoipendekeza ni kambi ya likizo: wiki mbili au tatu ambazo watoto wa kila shehia ya mjini watakusanywa nje, chini ya miti na kando ya bahari, wakafundishwa mambo ya maumbile pamoja na sanaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 visiwa vyetu vilipata kuwa na kambi za vijana, ambazo shabaha yake ilikuwa kazi na nidhamu. Kambi tunayoisema sasa ni ya wadogo, na shabaha yake ni kufungua macho.

Pengine atatokea msomaji akauliza: kwa nini maumbile na sanaa viende pamoja? Jawabu ni kuwa katika visiwa hivi vitu hivyo viwili havijapata kuachana. Mkeka hauanzi kwa msusi, unaanza kwa mkindu. Ngalawa huchongwa katika gogo la mwembe. Boriti zilizobeba dari za Mji Mkongwe zilikatwa mikokoni, na magome ya mkandaa hutumika kutia rangi. Njuga za majani wanazovaa miguuni wachezaji wa ngoma ya msewe huko Pemba ndizo zilizoipa ngoma hiyo jina lake. Mtoto anayefundishwa kucheza ngoma jukwaani bila ya kuujua mti na jani amefundishwa nusu ya kazi. Naye anayeambiwa mikoko ihifadhiwe, bila ya kuonyeshwa mikono ya mababu zake ilifanya nini kwa mikoko hiyo, ataliona jambo hilo kuwa ni amri ya serikali tu, wala halimhusu.

Mahali pa kufanyia kambi hii hatupungukiwi. Kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini uko msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani kote. Huko huko kuna daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, ambapo mtoto anaweza kuona kwa macho yake jinsi mizizi inavyoushika udongo usichukuliwe na maji. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuyaona haya. Itakuwa aibu iwapo mtoto wa Kikwajuni au Mwembeladu atakuwa mtu mzima bila ya kufika.

Mfano mwingine ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini-magharibi ya mji. Miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi. Tangu miaka mingi wanafunzi wa skuli zetu wamekuwa wakipelekwa huko kusoma bahari ndani ya bahari yenyewe. Vijana wanaopiga mbizi kila jioni pale Forodhani wanajua kuogelea, lakini wengi hawajapata kuonyeshwa kuwa tumbawe ni kiumbe hai na si jiwe. Chumbe imethibitisha kuwa somo hilo linawezekana.

Walimu nao wapo. Chuo cha muziki kilichofunguliwa mjini mwaka 2002 kimekwisha kuwafunza vijana wengi udi, kanuni na ngoma. Klabu ya Ikhwan Safaa inapiga taarabu tangu 1905. Wako mafundi seremala, wachonga milango, wasusi wa ukili na mabibi wanaojua jina la kila jani na faida yake. Wazee hawa hawatakaa milele, na ujuzi wao haumo vitabuni. Likizo moja inayopita bure ni hasara isiyolipika.

Tunajua kuwa wazazi watakuwa na wasiwasi, na wana haki. Kwa hiyo saa za kambi zisigongane na saa za chuo cha Kurani. Mabinti wawe na walezi wa kike. Na hakuna mtoto aingie baharini pasipo mtu mzima ajuaye kuogelea. Khasa tunasisitiza kuwa kambi isiwe ya watoto wa wenye nacho. Septemba 23, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure katika visiwa hivi. Itakuwa kinyume cha mwendo huo iwapo msitu na bahari vitakuwa masomo ya kununuliwa.

Kwa viongozi tuna maombi matatu. Kwanza, viwanja vya skuli vifunguliwe wakati wa likizo badala ya kufungwa kwa kufuli. Pili, wizara zinazohusika na elimu, misitu, uvuvi na utamaduni zikae meza moja, zitenge fungu la usafiri na chakula. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila kiwanja cha wazi kilichobakia mjini kipimwe, kiandikwe na kilindwe, pasiwepo mtu wa kukigawa kwa kalamu. Kambi inaweza kuahirishwa hadi mwakani, lakini kiwanja kikishajengwa hakirudi.

Nasi wananchi tusingoje kila kitu kutoka juu. Sheha mmoja, walimu wawili na mzee mmoja ajuaye kususa wanatosha kuanza, maadamu upo mti wenye kivuli. Kusi limekwisha vuma, na watoto wako milangoni wanangoja.