Nyama ya Bandia ya Kujifunzia Sindano

Wengi wetu tunaijua altrasaundi, ile mashine ya kuwapima kina mama wajawazito. Hutoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hiyo hugonga viungo vya ndani, ikarudi, ikafanywa picha. Dakta Ian Donald wa Glasgow na wenzake walieleza kazi hiyo mwaka 1958.

Mashine hii pia humwongoza daktari kuufikia mshipa uliojificha. Sasa je, mwanafunzi ajifunzie kwa nani? Kwako wewe mgonjwa? Hapana bwana!

Walimu huchukua jelatini, ule unga utokanao na ngozi na mifupa ya wanyama, wakauyeyusha katika maji ya moto. Huongeza unga wa ngano kidogo, maana bila huo picha huwa nyeusi tupu. Katikati hulaza puto jembamba lenye maji ya rangi. Huo ndio mshipa. Jelatini ikishaganda, mwanafunzi huchoma huku akitazama picha. Maji ya rangi yakiingia katika sindano, amepata. Yasipoingia, hakuna aliyeumia.

Mashine yenyewe ni ghali, hilo hatubishi. Lakini nyama hii hupikwa jikoni tu. Kweli haipumui wala haishtuki kama mtu, na hata ikiwekwa kwenye friji huoza baada ya siku chache. Basi hupikwa nyingine.