Kabla Hujapanda Hemloki

Mkenya akinunua nyumba Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya wameuzoea kiasi cha kuuita wa kwao, mara nyingi hukuta miti imemtangulia. Nyuma ya nyumba, upande ambao jua ni haba, huenda umo mmoja wenye matawi yaliyoinama kidogo na majani mafupi membamba yasiyopukutika hata theluji ikianguka. Geuza kitawi: ukiona kila jani lina mistari miwili myeupe kwa chini, hiyo ni hemloki. Na kwa kuwa kuna watakaouliza, sumu aliyonyweshwa Socrates ilitokana na mmea mwingine kabisa, wa jamii ya karoti. Mti huu haumdhuru mtu.

Aliyekulia Limuru au Nyeri huiona hemloki akakumbuka saiprasi ya ua wa nyumbani. Kwa ukoo iko karibu zaidi na msonobari, ila kazi yake uani ni ileile: kuziba upepo na macho ya jirani. Tofauti ni kwamba saiprasi inataka jua, ilhali hemloki huvumilia kivuli kuliko karibu mti wowote wa kule. Porini, mche wake huweza kukaa miaka mingi chini ya miti mikubwa, mwembamba, ukingoja jirani aanguke nao upate mwanga. Ndiyo maana wapanda bustani huipenda kwa zile sehemu ambazo nyasi zimekataa kuota.

Kwao hasa ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Nova Scotia hadi milima ya Georgia, na tangu 1931 ndiyo mti rasmi wa jimbo la Pennsylvania. Karne ya 19 maganda yake yaliendesha viwanda vya kutengeneza ngozi katika milima ya Catskill. Watu walibandua ganda na kuuacha mti uoze. Msitu huponyoka shoka moja ukasubiri janga lingine, nalo nitalifikia.

Kwanza mahali. Hemloki hupenda udongo wenye unyevu, wenye asidi kidogo, unaopitisha maji. Mizizi yake haiendi chini sana, na hapo ndipo chanzo cha matatizo yake mengi. Kiangazi cha majuma kadhaa bila mvua huitesa mapema kuliko miti mingine, udongo wa kutuamisha maji huiozesha, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huchoma majani yake. Kwa hiyo usiipande kando ya njia ya gari, wala kwenye kona inayopigwa na upepo wa baridi. Ipande katika majira ya kuchipua au mapema vuli, shina lisizikwe chini kuliko lilivyokuwa kitaluni. Kisha tandaza maganda ya miti au majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, bila kuyagusisha shina. Maji yatoke kwako kila juma miaka miwili au mitatu ya mwanzo mvua isiponyesha. Hata hemloki ya miaka 80 itakushukuru ukiimwagilia polepole, maji yazame, wakati wa ukame.

Kwa ua, acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche, upunguze mwanzoni mwa kiangazi machipukizi mapya yakishakomaa. Ua uwe mpana chini kuliko juu, la sivyo sehemu ya chini itakosa mwanga na kubaki vijiti vitupu. Mtu mvivu wa mkasi asipande ua wa hemloki. Mti huu ukiachwa huru hupita mita 20, na msituni hufika 30. Kulungu wa huko nao huila majira ya baridi kwa uroho, kwa hiyo miche iwekewe wavu.

Sasa kwenye lile janga. Mwaka 1951 karibu na Richmond, Virginia, alionekana mdudu mdogo wa jamaa ya vidukari aliyetoka kusini mwa Japani, Adelges tsugae kwa jina la kitaalamu. Katika Massachusetts alifika mwishoni mwa miaka ya 1980. Hukaa pale jani linapoungana na kitawi, hudunga, hunyonya akiba ya chakula cha mti, na hujifunika kwa uzi mweupe hadi upande wa chini wa kitawi uonekane umebandikwa vipande vya sufi. Huko mashariki mwa Marekani wote ni majike, wanazaa bila dume, vizazi viwili kwa mwaka, na jike mmoja anaweza kutaga mayai yafikayo 300. Jambo la ajabu ni kwamba hulala kiangazi na kula kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Mwenye nyumba anayekagua mti wake Julai huona mabaki tu; akague Novemba hadi Mei. Mti usiotibiwa mara nyingi hufa katika miaka minne hadi kumi.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuona mti umefifia ukaupa mbolea. Naitrojeni humnenepesha mdudu kabla haijausaidia mti, na idadi yake hupanda. Weka mbolea baada ya kumshinda, si kabla.

Kwa ua mfupi, mafuta ya bustani au sabuni ya kuua wadudu hufaa, mradi kila kitawi kiloweshwe, kwani dawa hizi huua kwa kumgusa mdudu tu. Mti mrefu huhitaji dawa ya kupenya ndani. Imidakloprido humwagwa kwenye udongo kuzunguka shina kwa kipimo kinacholingana na unene wa shina, hupanda polepole kwa miezi, na huweza kuulinda mti miaka kadhaa. Dinotefurani hufika upesi kwa mti ulio hoi, lakini haidumu. Haya si mambo ya kubahatisha: dawa hizi huua nyuki na wadudu wa majini, kwa hiyo karibu na kijito hazimwagwi, na katika majimbo kama New York na Massachusetts sheria huziweka mikononi mwa wenye leseni. Ita fundi wa miti, muulize leseni yake.

Msomaji wa Kenya atauliza: mbona hawaleti nyigu? Swali zuri, kwa kuwa sisi tumeshayaona hayo. Kidukari wa saiprasi alionekana Malawi 1986, akafika Kenya 1990, akakausha ua na mashamba ya miti kuanzia bondeni hadi milimani. Miaka ya 1990 aliletwa nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga ndani ya kidukari, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ilikuwa miongoni mwa walioshiriki. Mdudu akapungua. Lakini kundi la adelgidi, ambamo mdudu wa hemloki yumo, halina nyigu anayejulikana wa kutaga ndani yake. Kilichobaki ni wawindaji, hasa mbawakawa wadogo kama Laricobius nigrinus kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ambao wameachiliwa kwa maelfu msituni. Wanasaidia, ila bado hawajamaliza kazi. Baridi kali huua wengi wa wadudu wanaonyonya hemloki, lakini walionusurika hurudi, na majira ya baridi yanayozidi kulegea yanawafungulia njia ya kaskazini.

Rai yangu ni hii: hemloki kubwa uliyoikuta, yenye afya, ni mali, na gharama ya kuitibu kila baada ya miaka michache kwa kawaida ni ndogo kuliko kulipa watu wa msumeno. Kupanda mpya ni jambo jingine. Usiyetaka kukagua vitawi kila majira ya baridi, tafuta hemloki ya Kichina, ambayo mdudu huyu haiwezi, au chagua mti wa aina nyingine kabisa. Aliyeamua kubaki na yake, kibanda cha kulishia ndege akitundike penginepo: vijidudu vichanga hutembea huku na huko kuanzia Machi hadi Juni, na hudandia miguu na manyoya ya ndege.