Matembezi ya Mashua katika Ziwa Naivasha

Mtu aliyezaliwa Matinyani huyajua maji kwa namna yake. Ayajua yale yachimbwayo mchangani mto ukishakauka, na yale ya madumu yafungwayo juu ya punda. Lakini kukaa saa nzima juu ya maji mapana, ndani ya chombo kidogo, si jambo alilozoea. Kwa kuwa vyama vya akina mama, shule na jamaa mbalimbali hufunga safari kwenda kulitazama Ziwa Naivasha, yafaa kueleza jinsi matembezi hayo yalivyo, na mambo ambayo msafiri asiyejua kuogelea hana budi kuyaangalia.

Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na kimo chake juu ya usawa wa bahari ni karibu meta 1,900. Mito ya Malewa na Gilgil huingia humo, wala hapana mto hata mmoja utokao. Maziwa ya jirani, yaani Elementaita na Nakuru, nayo hayana mto utokao, na maji yake ni ya magadi. Lakini ya Naivasha ni matamu. Sababu kubwa ni kwamba maji yake hupenya chini kwa chini katika miamba ya volkeno, yakichukua chumvi pamoja nayo. Mtu wa Matinyani hatashangaa kusikia hayo, kwa maana ajua vyema kwamba mto uliokauka juu bado watembea chini ya mchanga.

Jina Naivasha latokana na neno la Kimasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na lilichaguliwa kwa haki. Asubuhi ziwa hutulia kama kioo. Alasiri upepo huvuma na mawimbi huinuka kwa ghafula. Kwa hiyo afadhali kupanda mashua asubuhi, na maana yake ni kwamba watokao Kitui yafaa wafike Naivasha jioni ya siku iliyotangulia.

Mashua za hapo zina injini, na aghalabu huchukua watu saba au wanane. Wengine hudhani kwamba uchache huo ni wa kuwapendeza wageni tu. Sivyo. Chombo kidogo ni kama punda aliyebebeshwa madumu manne, mawili huku na mawili huku: mwagia chini la upande mmoja, na mzigo wote utakwenda mrama. Katika mashua hatari hiyo huja wakati wa furaha. Mtu mmoja aona kiboko, apiga kelele, na wote husimama na kukimbilia upande ule ule wakiwa na simu mikononi. Kwa hiyo kila mtu na akae mahali alipowekwa na nahodha, wazito wakigawanywa pande zote mbili, na ageuze shingo tu. Ubaya wa kupakia kupita kiasi twaujua sana hapa Kenya: mnamo tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, kikiwa na abiria wengi kupita kadiri yake, na watu zaidi ya 270 wakafa.

Jaketi la kuokolea lavaliwa kabla ya kukanyaga mashua, wala halikaliwi kama mto. Vifungo vyake vyote vifungwe, kwa kuwa lililo wazi humponyoka mtu aangukapo majini. Mtoto apewe la kimo chake. Nahodha asemaye hayatoshi, au kwamba leo hakuna wimbi, asisafiriwe naye, hata akipunguza bei.

Kiboko hula majani, lakini upole wake usiaminiwe. Mchana hukaa majini na usiku hutoka kwenda malishoni. Nahodha mwenye akili husimama mbali naye, wala hapiti kati yake na maji yenye kina, ambayo ndiyo njia yake ya kukimbilia. Na hatari haiko majini tu: mwezi wa Agosti 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ukingoni mwa ziwa hili hili alipokuwa akipiga picha. Basi mkiisha kushuka, msizurure kando ya mafunjo, hasa jua likianza kutua.

Yako mengi ya kutazamwa. Kuna wari, na minandi waliotanda mabawa yao wakaushwe na jua. Nahodha hupiga mluzi na kutupa samaki, aghalabu akiwa amemtia kipande cha bua ili aelee. Ndipo tai mla samaki hushuka na kumnyakua mbele ya macho yenu. Hao ndege hupenda kutua juu ya migunga iliyokufa, ambayo ilizama ziwa lilipofurika sana mwaka 2020 na kabla yake. Yapendeza kwa picha, ila baadhi ya magogo yamefichwa na maji, na ndiyo sababu mashua haiendeshwi kwa kasi karibu na ukingo. Magugu maji nayo huweza kuinasa injini. Wengine huteremka katika Kisiwa cha Crescent, ambacho ni sehemu ya ukingo wa volkeno ya kale, na kutembea kwa miguu kati ya twiga na punda milia.

Kuhusu gharama, swali la kwanza liwe kama bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, na kwa muda gani. Tena ulizeni kama chombo kimekaguliwa, maana vyombo vya abiria viko chini ya mamlaka ya serikali ijulikanayo kama KMA.

Wasioweza kwenda mbali wanalo Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilishwa mwaka 1981; huko mna mamba pia, na maagizo ya jaketi na ya kukaa ni yale yale. Waendao Naivasha wachukue sweta, kwa sababu asubuhi ya Naivasha si asubuhi ya Matinyani.